Kuacha sukari iliyosafishwa: je, asali na juisi nazo zihesabiwe?

Mleta mada

Habari zenu wanajamvi. Nimeamua kuachana na sukari nyeupe na kuurekebisha mlo wangu kwa jumla. Mimi si mgonjwa, lakini katika familia yetu wapo waliopata kisukari wakiwa bado na nguvu zao, na nisingependa kungoja hadi daktari anipe karatasi ya majibu ndipo nianze kujali. Wiki chache zilizopita niliacha soda na biskuti, na kwa kuwa chai isiyo na sukari ilinishinda, nikaiacha nayo. Asubuhi sasa ninakunywa maji ya moto yenye asali, mchana juisi ya matunda ninayoikamua mwenyewe, na ninaponunua vitu vya kiwandani ninachagua vile vilivyoandikwa kuwa havikuongezwa sukari nyeupe.

Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie katika mambo yafuatayo. Kwanza, je, asali, sukari ya kahawia na juisi halisi ni mbadala wa kweli, au nimebadilisha jina tu? Pili, siku za mwanzo kichwa kiliniuma sana, na niliambiwa kwamba ni mwili uliokuwa ukitoa sumu ya sukari. Je, ndivyo ilivyo? Tatu, kila ifikapo alasiri ninashikwa na hamu ya kitu kitamu ambayo ni vigumu kuizuia, na ninaogopa kwamba hapo ndipo nitakaporudi nilikotoka.

Mwanalishe

Ndugu mleta mada, hongera kwa uamuzi huo. Nitaanza na asali, kwa kuwa ndiyo inayowakwamisha wengi wenye nia njema kama yako. Sukari nyeupe ni sukrosi tupu, yaani molekuli ya glukosi iliyoshikana na molekuli ya fruktosi, na kifungo hicho hukatwa mara tu sukari inapofika kwenye utumbo mdogo. Asali ni glukosi na fruktosi hizo hizo, isipokuwa nyuki amekwisha kuzitenganisha, pamoja na maji ya asilimia 17 au 18 hivi na viasi vidogo vya vitu vinavyoipa rangi na harufu yake. Sukari ya kahawia nayo ni sukari ile ile iliyoachiwa au kurudishiwa molasi kidogo, na madini yaliyomo ni haba kiasi kwamba ili uyapate kwa kiwango cha maana, itakubidi kwanza ule sukari ya kukudhuru. Vyote hivi vikishafika tumboni, mwili unavishughulikia kwa njia moja.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikuitaja sukari nyeupe peke yake, bali lilizungumzia sukari huru, yaani sukari yote inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo kwa asili katika asali, shira na juisi za matunda. Mwongozo huo unataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu anaipata kwa siku, awe mtu mzima au mtoto, na unapendekeza kushuka chini ya asilimia 5 kwa manufaa zaidi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25, kwa kuwa kila gramu ya sukari hutoa kilokalori 4. Gramu 25 ni takriban vijiko 6 vya chai vilivyofutwa juu, si vilivyojaa hadi kumwagika. Soda ya kawaida ya mililita 330 peke yake huwa na gramu 35 hivi, kwa hiyo katika yote uliyoyaacha, soda ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa, na hapo umeshafanya kazi kubwa hata kama huioni.

Lakini juisi inakurudisha nyuma, na ninasema hivyo nikijua kwamba wengi hawapendi kulisikia. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, hata isiyoongezwa kitu chochote, ina gramu 20 na ushee za sukari. Ukila chungwa zima, sukari yake inakuja ikiwa imefungwa ndani ya nyama ya tunda. Unalazimika kutafuna, nyuzinyuzi zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na baada ya machungwa mawili tumbo linakuambia limetosheka. Ukiyakamua, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye chujio, na machungwa matatu au manne yanapita kooni kwa muda wa dakika moja. Ndiyo maana sukari ya tunda zima na ile ya maziwa haihesabiwi kuwa sukari huru, ilhali ya juisi inahesabiwa. Kula matunda bila hofu. Miongozo ya mwaka 2023 ya shirika hilo hilo inawataka watu wazima wapate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na angalau gramu 25 za nyuzinyuzi zinazotokana na chakula chenyewe.

Nikuombe pia uyatazame hayo maji ya asali kwa jicho la meno. Bakteria walio kwenye utando wa meno huigeuza sukari kuwa asidi, na kiwango cha pH kinaposhuka chini ya 5.5 hivi, ganda gumu la jino huanza kupoteza madini yake. Mate huirekebisha hali hiyo, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi. Mtu anayekunywa kikombe chake mara moja akamaliza hupata shambulio moja, ilhali anayekiweka mezani na kukionja funda moja moja asubuhi nzima huyanyima meno yake muda wa kupumzika, na hapo kuwa asali badala ya sukari hakumsaidii chochote.

Mfamasia

Ninajibu swali la kichwa tu. Umesema uliacha soda, biskuti na chai kwa pamoja. Chai ina kafeini, na baadhi ya soda zinayo pia, na mtu aliyezoea kafeini kila siku akiiacha ghafla huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, maumivu yakafikia kilele ndani ya siku moja au mbili, kisha yakaisha yenyewe kwa muda usiozidi siku tisa hivi. Usingizi wa mchana, hasira za haraka na kushindwa kutulia kazini ni sehemu ya hali hiyo hiyo. Maelezo yako yanaelekea huko zaidi kuliko kwenye sukari.

Habari ya mwili kutoa sumu ya sukari haina msingi. Ini na figo zinasafisha damu saa zote, iwe mtu anakula sukari au hali, na maumivu si dalili ya usafi wowote. Rudi kwenye chai ukipenda, bila sukari au kwa kuipunguza kidogo kidogo, kwani adui yako hakuwa chai. Hata hivyo, kichwa kikiendelea kuuma baada ya wiki mbili, nenda kapimwe shinikizo la damu, usiendelee kukisingizia chakula.

Mpishi wa nyumbani

Ninakubaliana na Mwanalishe kuhusu juisi, lakini kuhusu asali ningependa kumpunguzia mleta mada hofu. Kijiko kimoja cha asali ambacho mtu amekichota mwenyewe na kukiona kwa macho yake hakiwezi kulinganishwa na sukari asiyoijua kabisa, na katika nyumba nyingi sukari hiyo isiyojulikana ndiyo nyingi zaidi. Imo katika mkate, katika mchuzi wa nyanya wa chupa, katika nafaka za kifungua kinywa na katika mtindi wa matunda.

Chukua huo mtindi, kwa kuwa ndio unaouzwa kama chakula cha afya. Igeuze kopo utazame jedwali la lishe. Mtindi mtupu wa kawaida una gramu 4 hadi 5 za sukari katika kila gramu 100, nayo ni sukari ya maziwa yenyewe. Ukikuta kopo la mtindi wa matunda limeandikwa gramu 13, toa hizo 5 za maziwa, zinabaki 8 ambazo kwa sehemu kubwa zimeongezwa. Kopo likiwa na gramu 150, umekula gramu 12, yaani vijiko 3 vya chai, na bado hujafungua kinywa kusema umekula kitu kitamu. Baada ya hapo soma orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa hadi chenye uzito mdogo. Hapo ndipo maneno "haina sukari nyeupe" yanapopoteza maana, kwa sababu utakuta shira ya glukosi, dekstrosi, maltosi au juisi ya tunda iliyokolezwa, na zikigawanywa katika majina manne kila moja inashuka chini kwenye orodha, ingawa kwa jumla yake ingekuwa karibu na juu. Mimi sisomi tena maneno ya mbele ya pakiti; ninaenda moja kwa moja nyuma.

Hamu ya alasiri mara nyingi huanzia asubuhi. Maji yenye asali hayana protini wala nyuzinyuzi, na juisi ya mchana ni vivyo hivyo, kwa hiyo ifikapo saa kumi jioni mwili wako unadai chakula, nawe unayasikia madai hayo kama hamu ya utamu. Jaribu kuianza siku kwa yai, maharagwe, mtindi mtupu au karanga, pamoja na nafaka isiyokobolewa na tunda zima, kisha uione alasiri itakavyokuwa. Usingizi nao usiudharau, kwani mtu aliyelala saa chache huamka na njaa isiyo ya kawaida, na mara nyingi huelekea kwenye vitu vitamu.

Kuhusu ulimi, uwe na subira. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2016 liliwafuatilia watu waliopunguza sukari kwa miezi 3, na kufikia mwezi wa tatu pudini ile ile ilikuwa tamu zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupunguza. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kupenda kwao utamu hakukubadilika. Kwa hiyo usingoje siku utakapoichukia keki ndipo ujihesabu umefaulu, maana siku hiyo huenda isifike. Inatosha kwamba kiasi kidogo kitakuridhisha. Kwenye chai, punguza robo ya kijiko, ukae nayo hadi uizoee, ndipo upunguze tena.

Mleta mada

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Chai nimeirudia leo, na juisi nitaigeuza kuwa matunda ya kutafuna. Nina mawili ya mwisho. Vile vidonge vya kutia utamu visivyo na sukari vinafaa katika kipindi hiki cha mpito? Na mama yangu, ambaye ana kisukari na anajidunga insulini, amefurahi mno kuniona hivi, hata amesema kwamba ataiondoa sukari yote nyumbani ili tuwe pamoja. Je, nimwunge mkono?

Muuguzi

Vidonge kwanza, kwa ufupi. Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba viongeza utamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa manufaa ya muda mrefu hayakuonekana. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwako wewe, ikiwa vinakusaidia kuvuka wiki chache, havitakuharibia kitu, lakini vinauacha ulimi katika mazoea yale yale ya utamu, na mimi ningependelea njia ya robo kijiko.

Suala la mama ni zito zaidi, na ninaomba ulisome kwa makini. Mtu anayejidunga insulini anaweza kushukiwa na sukari ya damu hadi chini ya milimoli 4 kwa lita, hasa akichelewa kula, akifanya kazi nyingi, au akipunguza wanga huku dozi ikibaki ile ile. Atatoka jasho, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, kisha ataanza kuchanganyikiwa. Wakati huo sukari ndiyo dawa. Anahitaji gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu, kama vile vidonge vya glukosi, vijiko vitatu au vinne vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au ya soda ya kawaida. Kisha apimwe baada ya dakika 15, arudie ikiwa haijapanda, na ikishapanda ale chakula. Soda isiyo na sukari na vile vidonge vya kutia utamu havitamsaidia hata kidogo, na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Akipoteza fahamu, msimtie chochote kinywani. Mlazeni ubavu na mwite msaada wa dharura.

Kwa hiyo mwunge mkono mama katika kula mboga, maharagwe na matunda pamoja nawe, lakini kabla hajabadilisha kiasi cha wanga anachokula, azungumze na daktari wake ili dozi ya insulini itazamwe upya. Glukosi yake iwepo kando ya kitanda na nyingine ndani ya mkoba, na kila anayeishi humo ndani, hata watoto, aonyeshwe ilipo na aambiwe kwamba haiguswi kwa sababu nyingine yoyote.