Mrejesho: Kujifunza usanifu wa mifumo ya programu

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa namna ya kujifunza usanifu wa mifumo, na iwapo mfumo wa mikopo wa SACCOS yetu ugawanywe kuwa huduma ndogondogo zinazojitegemea. Nawashukuru kwa dhati nyote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kubaki na programu moja yenye moduli, yaani sehemu za ndani zenye kazi maalumu, kwa kanuni aliyoieleza mtaalamu wa programu David Parnas mwaka 1972, kwamba kila moduli ifiche uamuzi unaoweza kubadilika. Bodi ilipobadili utaratibu wa riba, tulirekebisha moduli ya riba peke yake.

Kilichonifundisha zaidi ni swali la mmoja wenu: itakuwaje taarifa ya malipo ya simu ikifika mara mbili? Tuliweka sharti kwenye hifadhidata kwamba namba ya muamala isijirudie, hivyo taarifa ya pili ikifika mfumo hurudisha jibu lilelile bila kumwongezea mwanachama salio. Kwa maoni yangu, jambo hili lifundishwe kabla ya michoro yoyote ya usanifu.

Ushauri wa kutuma SMS kupitia foleni, yaani orodha ambamo kazi husubiri zamu, umefanikiwa nusu. Malipo hayakwami tena SMS zikichelewa, lakini ujumbe wa salio jipya ulikuwa ukimfikia mwanachama kabla ya ule wa kupokelewa kwa malipo, kwa sababu programu mbili za kutuma ujumbe zilikuwa zikichota kazi kwenye foleni kwa wakati mmoja. Tumebakiza moja, kasi imepungua, ila mpangilio umetulia. Mwenye njia bora zaidi, naomba anielekeze.