Mbasa wa Matema: niende na kayaki yangu au nikodi mtumbwi?

Mdau wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu. Ijumaa nashuka Matema nilale huko, Jumamosi alfajiri niingie Ziwa Nyasa kutafuta samaki aina ya mbasa kwa fimbo na chambo cha bati. Rafiki yangu anasema niiache nyumbani, nikodi mtumbwi wa mti. Kwenye maji mafupi ya midomo ya mito, kipi bora?

Kijana wa Ipinda
Karibu Kyela, mkuu. Kwanza ujue unavulia upande gani. Maji mafupi yako magharibi ya Matema, ambako Lufilyo, Mbaka na Kiwira inamwaga mchanga wake. Ukielekea Ikombe, milima ya Livingstone inazama ziwani moja kwa moja. Ukitoka kidogo tu ufukweni, pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, haligusi chini.

Kwa maji mafupi mimi nasema mtumbwi. Uwazi wake wa juu ni mwembamba, unakaa ukingoni miguu ikiwa ndani, unasukuma kwa pondo bila kishindo. Mbasa anayefukuza usipa, wale samaki wadogo, karibu na mchanga hastuki. Ila kama hujauzoea utakupindua kabla hujarusha mshipi. Ule una tumbo la mviringo, unataka kiuno kinachoujua.

Mama Samaki Tukuyu
Mimi na mume wangu tunatumia kayaki na siibadilishi. Inaelea penye maji ya kufika magotini, wimbi likiingia maji yanatoka yenyewe kwenye matundu. Kwenye mtumbwi mkono mmoja una fimbo, mwingine una kopo la kukumba maji.

Mzee wa Kasia
Dada yangu, hayo ni kweli ziwa likiwa limelala. Mwezi wa sita nilikuwa na kayaki ya kuazima, saa tano asubuhi upepo wa kusini ukaanza. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kwetu, kwa hiyo wimbi linafika Matema limeshakomaa. Kayaki ni nyepesi, upepo unaibeba kama jani la mgomba. Nilipiga kafi mpaka viganja vikachubuka, nikatokea mbali sana na nilikoacha nguo. Mtumbwi ni mzito, umezama kidogo, upepo hauupati hivyo. Kwa chombo chochote, saa nne uwe nchi kavu, na jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie.

Kijana wa Ipinda
Mzee umenena. Niongeze: midomo ya mito ina mamba. Kwenye kayaki usining'inize miguu majini, hata jua likiwa kali.

Mama Samaki Tukuyu
Na jambo linaloniuma: wakati wa mvua mbasa wanapanda mitoni kutaga, wanajikusanya pale mdomoni na watu wanawakinga kwa nyavu. Ukimpata mwenye tumbo la mayai, tafadhali mrudishe. Lowesha mikono kwanza ndipo umshike.

Mdau wa Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Kayaki naibeba, ila nitamlipa mwenyeji aje na mtumbwi wake tuwe sambamba. Saa nne tunatoka.

Mzee wa Kasia
Hapo sawa. Alfajiri wasubiri wavuvi wa usipa wakirudi na taa zao, waulize huko ndani kukoje. Wakikuambia kumechafuka, usiishushe kayaki kutoka kwenye gari.