SAO Progressive: wameruka ghorofa tatu nzima halafu wanataka tupige makofi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa povu, nasema mapema. Na nitasimulia mpaka mwisho wa muvi, kwa hiyo ambaye hajaiona na anataka kuiona, apite tu.

Ninaizungumzia Scherzo of Deep Night, muvi ya pili ya Sword Art Online Progressive, ya anime ya Kijapani ya Sword Art Online (SAO), iliyotoka Japani tarehe 22 Oktoba 2022. Nimeirudia juzi nikidhani labda mara ya kwanza niliiangalia nikiwa na usingizi. Wapi! Tumepigwa.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Watu 10,000 wanavaa helmeti ya NerveGear na kuingia kwenye gemu, tarehe 6 Novemba 2022. Aliyelitengeneza, Kayaba Akihiko, anaondoa kitufe cha kutokea. Ukifa humo ndani, helmeti inakuchoma ubongo na huku nje unazikwa. Njia ya kutoka ni moja: kupanda ngome ya Aincrad, ghorofa 100, kila moja na bosi wake.

Wazo tamu kuliko hilo utalipata wapi? Sasa oneni sizoni ya kwanza ya mwaka 2012 ilivyolifanya. Ghorofa ya kwanza ikaisha kwenye episodi ya pili. Episodi ya tatu, miezi imeshapita, Sachi na wenzake, wachezaji wengine, wanaingia na kufa humo humo kabla hatujawazoea. Kufika episodi ya 14 tupo ghorofa ya 75, Kayaba kashindwa kabla ya ile ya 100 na gemu limekwisha, miaka miwili imeyeyuka. Wahusika wakuu, Kirito na Asuna, wameshaoana, sisi hata hatukuwepo wakati wanazoeana! Halafu nusu ya pili ya sizoni Asuna, mpiganaji tuliyeambiwa ni moto wa kuotea mbali, akafungiwa kwenye kizimba kama ndege akisubiri kuokolewa. Ndiyo maana mpaka leo ukiitaja SAO mbele ya watu wa anime, nusu wanakumbatiana na nusu wanatukana.

Mwandishi wake, Reki Kawahara, alilijua pengo la ghorofa zilizorukwa. Mwaka huohuo wa 2012 akaanza kutoa riwaya za Progressive: turudi mwanzo, tupande ghorofa moja baada ya nyingine, tusiruke kitu. Kazi yote ile ipo duniani kwa ajili ya kuziba pengo hilo.

Muvi ya kwanza, ya Oktoba 2021, ilinifunga mdomo. Ghorofa ya kwanza peke yake, kwa macho ya Asuna, binti asiyejua chochote kuhusu magemu, anaogopa mpaka unaogopa naye. Nikajisemea hawa jamaa wameelewa.

Muvi ya pili inafunguka, na kazi yake yote ni ghorofa ya TANO.

Ya pili iko wapi? Ya tatu? Ya nne? Umemwita fundi azibe bati linalovuja, kang'oa bati tatu na anadai hela yake.

Na laiti wangeruka ghorofa zilizopooza! Ghorofa ya pili ndiyo yenye kisa cha Nezha, mhunzi anayewaibia wachezaji silaha zao akijifanya anaziboresha na zimevunjika bahati mbaya. Kwenye gemu ambalo upanga ndio uhai wako, huo ni wizi wa roho za watu, na swali la wamfanye nini likiibuka, hakuna polisi wala mahakama. Ghorofa ya nne imejaa maji, watu wanasafiri kwa mitumbwi kwenye mifereji, Kirito na Asuna wanatengenezewa mtumbwi wao wenyewe. Wachoraji wa A-1 Pictures, studio iliyotengeneza muvi, wangetupa nini hapo? Hata sitaki kufikiria.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni ghorofa ya tatu, kwa sababu ya Kizmel. Kizmel ni askari wa Dark Elf, jamii ya viumbe wa kubuni wa msituni wenye ngozi nyeusi. Ni mhusika wa kompyuta tu, ameandikiwa kufa ili misheni iendelee. Kirito na Asuna wanaingilia, hafi. Kuanzia hapo anaanza kukumbuka, kuuliza, kuomboleza pacha wake aliyekufa vitani, na wewe msomaji unabaki hujui tena kama huyu ni programu au ni mtu. SAO yote, mpaka sizoni za Alicization, inahangaika na swali hilo, na hapa ndipo lilipoulizwa kwa upole kuliko popote. Wamelikata! Ndani ya muvi ya saa moja na dakika arobaini hivi hawakuona pa kuiweka hadithi yake.

Matokeo yake hata hiyo ghorofa ya tano haisimami. Mgogoro wake ni mzuri kwenye karatasi: bosi anaangusha bendera ya chama cha wachezaji (guild), na chama kitakachoipata kitakuwa na nguvu kupita kingine. Chama cha ALS cha Kibaou kinataka kumvamia bosi kimyakimya kabla ya chama cha DKB cha Lind, kwa hiyo Kirito anakusanya kikundi kidogo kiwahi kabla vyama havijachinjana. Siasa tupu, na mimi napenda siasa. Ila chuki ya ALS na DKB ilikomaa kwenye ghorofa zilezile zilizorukwa. Mtu ambaye hajasoma anaona watu wawili wanagombea kitambaa.

Mito simlaumu. Ametungwa kwa ajili ya muvi, na kwenye ile ya kwanza alikuwa nguzo: rafiki aliyekimbia ili asimwone Asuna akifa. Jeraha kama hilo lilihitaji muda mrefu kupona. Huku wamelipua. Maongezi mafupi, machozi, vita, tumesameheana.

Muziki wa Yuki Kajiura, mwaka wowote ule, mimi sina neno. Pambano la bosi nalo linapendeza macho. Hilo nawapa.

Mtu asije kuniambia muvi haiwezi kubeba haya. Ordinal Scale, muvi ya SAO ya 2017, ilikuwa hadithi mpya kabisa, na bado iliiheshimu Aincrad kuliko hii: Asuna anaporwa kumbukumbu za ile miaka miwili, na unaona hofu yake ya kupoteza hata mabaya aliyoyapitia, kwa sababu mapenzi yake yamo humo humo.

Wale wa "kasome riwaya", nimesoma. Hasira imetoka huko huko. Na hakuna aliyeomba ghorofa zote 100 kwenye sinema. Tuliomba ya pili ifuate ya kwanza. Kama muvi haitoshi, ilikuwa ifanywe sizoni ya televisheni, ghorofa moja episodi sita au nane, tungetulia.

Wakati wenyewe walioharibu ni upi? Wiki mbili kabla ya tarehe 6 Novemba 2022, siku ambayo mashabiki dunia nzima walikuwa wameihesabu kwa miaka kumi, maana kalenda ya kweli ilikuwa inakutana na ya hadithi. Siku hiyo ilipofika, zawadi yetu ikawa tangazo la muvi nyingine, hadithi mpya nje ya riwaya. Ghorofa ya sita hata haikutajwa.

Haya, wa kuitetea jitokezeni. Ila anayeanza na "lakini animesheni kali" simjibu.