Kasuku wa Carolina arudishwe kwa vinasaba, au aachwe?

Mleta Mada: Wadau, Marekani ilikuwa na kasuku wake wa kienyeji, mwili kijani, kichwa njano. Dume wa mwisho kufugwa, Incas, alifia bustani ya wanyama ya Cincinnati, nadhani 1917. Jenomu ya kasuku hawa, yaani ramani nzima ya vinasaba vyao, imeshasomwa. Naunga mkono arudishwe. Wakulima wajinga walimmaliza kwa bunduki, deni lilipwe.

Mkulima Halisi: Wajinga ni nani? Umewahi kulima wewe? Kundi linashuka, linachana matofaa mabichi kutafuta mbegu tu. Anayeamia mpunga dhidi ya kwelea kwelea anaelewa. Futa hilo neno.

Bint Pangani: Mkulima, kuamia shamba sawa. Lakini hawa mmoja akipigwa risasi, wenzake walirudi kumzunguka majeruhi wakipiga kelele, wakamalizwa kundi zima papo hapo. Huko ni kuamia? Na ndio waliokula mbegu za yale magugu ya kunasa nguo, yaliyokuwa kero kwa wakulima haohao!

Mkulima Halisi: Na manyoya kwenye kofia za wanawake wa mjini, walivaa wakulima? Misitu ya mabondeni iliyokatwa mbao, je? Mnyonge ndiye wa kutukanwa siku zote.

Mzee wa Hoja: Wengine wanataja nyuki wa asali walioletwa kutoka Ulaya, kwamba waliwanyang'anya matundu ya miti. Wengine ugonjwa wa kuku. Ila utafiti wa jenomu wa 2019 haukukuta dalili za kuzaana ndugu kwa ndugu, jambo linalotokea kundi likibaki dogo muda mrefu. Maana yake hawakufifia taratibu kwa karne nyingi, walianguka ghafla, na watafiti wananyooshea binadamu kidole. Halafu Incas alikufa Februari 21, 1918. Wa 1917 ni jike wake, Lady Jane.

Mleta Mada: Binadamu gani aliyeshika bunduki, Mzee? Neno langu sifuti.

Bint Pangani: Audubon, yule mchoraji wa ndege wa Marekani, aliandika tangu miaka ya 1830 kwamba wanapungua. Miaka themanini na zaidi ya kutazama! Leo mtu anataka maabara. Atakayezaliwa humo ataishi mti gani, atafundishwa na kundi gani?

Mkulima Halisi: Dada, swali zuri, lakini mimi na Mleta Mada hatujamalizana. Bado nasubiri radhi.