Paka wangu anawashwa, ameitwa kwenye majaribio ya dawa. Nikubali?

FundiShani

Salaam wakuu. Naombeni ushauri. Anayetaka kucheka acheke mapema amalize, kisha anisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, Mwananyamala. Nina paka dume anaitwa Mkasi, ana miaka minne, ameshahasiwa. Nilimwokota Mtaa wa Kongo siku nimekwenda Kariakoo kufuata bitana, kajibanza katikati ya marobota analia kama bawaba kavu. Analala kwenye kapu la vipande chini ya meza ya kukatia. Wateja wengine wanalijua jina lake, langu hawalijui.

Tatizo ni muwasho. Ulianza mwaka jana masika yalipokatika. Kwanza shingoni, vipele vidogo vidogo, ukimpapasa ni kama umeshika ufuta. Halafu akaanza kujilamba tumbo mpaka likabaki ngozi tupu. Sasa usiku kucha anajikuna, na mguu wa nyuma unagonga ubao wa meza, ta ta ta ta, mpaka naota nashona. Mwezi wa tatu kanitia hasara: kajikuna akiwa juu ya gauni la bibi harusi, satini rangi ya maziwa, tone la damu kifuani. Nilifumua kipande chote cha mbele.

Kuna bwana huja na bodaboda kumchoma sindano, elfu ishirini na tano kila mara. Ya kwanza ilimtuliza miezi miwili, nikasema Alhamdulillah. Ya pili wiki sita. Ya mwisho haikufika hata mwezi. Ukimuuliza ni dawa gani anakwambia "ya mzio", na chupa huwa ameshaibandua karatasi. Paka mwenyewe kanenepa, anakunywa maji mpaka yale ya ndoo ya kulowekea vitambaa, lakini muwasho uko palepale.

Wiki iliyopita nikampeleka kliniki nyingine. Daktari, dada mpole sana, akaniambia wanatafuta paka wenye muwasho wa mzio kwa ajili ya kujaribu dawa ya kumeza, jamii ya oklasitinibu, ambayo mbwa wanaitumia tangu 2013 kule Marekani. Akanipa fomu ya ridhaa, kurasa saba. Nimezisoma kwenye daladala hadi nikapitiliza kituo.

Nilichoelewa ni hivi. Kidonge kila siku kwa wiki 6. Paka wengine wanapewa dawa, wengine kidonge kitupu kisicho na kitu, na hakuna anayejua nani kapata kipi, hata daktari mwenyewe. Vipimo na dawa bure. Lakini kabla ya kuanza, zile sindano zikome wiki 8.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimwache ajichane wiki nane, halafu aje aangukie kidonge kitupu? Kiumbe aliyeniamini mimi tu hapa duniani? Mume wangu kajibu kwa methali, rahisi huvunja upishi, akageukia taarifa ya habari.

Kuna aliyewahi kuingiza mnyama wake kwenye jambo kama hili?

BabaJunior_Tandika

Dada Shani, mjini hapa kuna binadamu wanawashwa na hawajaandikiwa hata ukurasa mmoja 😀 Achana na fomu. Nenda duka la pembejeo, nunua dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya kumwagia mgongoni, weka nusu kwa kuwa yeye mdogo. Mbwa wangu alipona siku mbili.

Mzee wa Mbagala

Mafuta ya nazi, asubuhi na jioni.

Msaidizi_Temeke

BabaJunior, usimuue paka wa watu. Dawa nyingi za mbwa za kumwagia mgongoni zina pamethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaihimili, ini la paka haliwezi kuivunja, na hiyo nusu yako haimwokoi. Anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Mimi si daktari, ni msaidizi tu kliniki ya wanyama, mwaka wa kumi na moja huu, na paka wa namna hiyo nimewashika kwenye taulo usiku. Dada Shani, kama umeshamwekea, muoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfute, mkimbize kwa daktari.

Sasa la kwako. Kuna neno umelipitia haraka mimi likanishtua: maji. Sindano ya kukaa muda mrefu inayotuliza muwasho kwa kawaida ni steroidi. Ikirudiwarudiwa kwa paka inaweza kumletea kisukari, na Mkasi ni dume, kahasiwa, kanenepa, yaani sifa kadhaa za hatari anazo hata bila kuhesabu sindano. Kabla hujagusa kalamu, apimwe sukari. Apimwe damu na mkojo, vyote viwili, kwa sababu paka akiogopa tu mezani sukari ya damu inapanda, unaweza kuambiwa mgonjwa kumbe ana hofu.

Zile wiki 8 usiwalaumu. Dawa ya sindano bado imo mwilini inamalizikia. Wakimpa kidonge juu yake, akitulia utasema kipi kimemtuliza?

Fomu isome tena kwa jicho hili: akizidiwa katikati, wanamtibu au wanamwacha? Unaweza kumtoa siku yoyote bila kudaiwa senti? Akipata madhara, nani analipa? Wale wa kidonge kitupu, mwisho wanapewa dawa yenyewe? Dawa za jamii hii zinapunguza nguvu ya kinga, kwa hiyo uliza pia kama watampima ukimwi wa paka na virusi vya saratani ya damu kwanza. Na uliza kibali cha TMDA, ndio wanaosimamia dawa, za watu na za mifugo. Daktari mkweli hakasiriki ukimuuliza. Yule bwana wa bodaboda naye muulize namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari, uone kama atarudi.

FundiShani

Mzee wangu wa Mbagala, shikamoo. Mafuta ya nazi nilipaka. Aliyalamba yote, akakaa kunitazama kama anaomba ya pili.

Msaidizi, umenitoa jasho. Hilo la maji nilidhani ni joto la Dar. Habari ya wiki 8 nimeielewa kifundi: humpimi mtu kifua akiwa kavaa sweta. Lakini kidonge kitupu bado hakijaniingia kichwani. Kwa nini wasiwape wote dawa tukaona?

Ukhti_Upanga

Hapo nina la kusema. Nilikaa Uingereza miaka sita na paka wangu aliingia utafiti wa muwasho kulekule, dawa nyingine si hii. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila jioni unachora alama kwenye mstari, 0 hajikuni kabisa, 10 hafanyi kingine. Utaona ni kazi ya mtoto. Mdogo wangu, paka ni msiri! Anajilamba ukadhani anaoga, kumbe anawashwa. Ilibidi nitege simu imrekodi usiku ndipo nikaanza kuandika ukweli.

Basi nilipoanza kumpa vidonge niliona nafuu, wallahi niliiona. Daftari langu likashuka kutoka 8 hadi 5. Nikapiga simu nyumbani kutangaza. Wiki ya nne mama mkwe akaja kutembea, akawa anamlisha paka kuku wa kukaanga kwa siri. Wakatutoa, maana chakula hakitakiwi kubadilika, paka wengine mzio wao uko kwenye chakula. Walipofungua bahasha baadaye, wangu alikuwa kwenye kidonge kitupu.

Ile 5 niliandika mimi, kwa mkono wangu, na sikuwa nadanganya. Wangewapa wote dawa, kila mwenye paka angeleta 5 yake.

Siku za kusubiri zilikuwa mbaya, sikufichi. Mvalishe koni shingoni usiku, ile kola pana ya plastiki, mkate kucha ncha tu.

BabaJunior_Tandika

Nimefuta kauli. Sikujua habari ya pamethrini. Hapa kwangu paka huwa analala kibanda kimoja na mbwa, naye asikaribie?

Msaidizi_Temeke

Asimkaribie kwa siku tatu baada ya mbwa kuwekewa dawa, na wasilambane. Bora umtafutie mbwa aina isiyo na pamethrini kabisa.

FundiShani

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Samahanini, ni msimu wa sare za harusi.

Kwanza sukari. Ya damu ilipanda kidogo, daktari akasema kama alivyosema Msaidizi, huenda ni hofu, lete mkojo. Mkojo wa paka unauletaje? Mkasi anajisaidia kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Daktari akasema mfungie na beseni lenye kitu kisichonyonya, vipunje vya plastiki. Nina nini mimi kama si vifungo? Nikamwagia beseni vifungo vya mashati vilivyobaki, debe zima. Alivitazama kwa saa tano nzima. Saa nane usiku nikasikia vinachakarika. Nikavuta kwa sindano isiyo na ncha, nikapeleka kwenye kichupa. Hauna sukari! Vifungo nimevitupa, msiniulize.

Pili, na hili limeniumiza. Daktari alichukua kitana chenye meno ya karibukaribu, akamchana kiunoni, akakung'utia vumbi jeusi kwenye pamba nyeupe iliyoloa. Pamba ikageuka rangi ya kutu. Kinyesi cha kiroboto, kumbe ni damu iliyosagwa. Nikasema mimi sijawahi kuona kiroboto hata mmoja kwa huyu paka. Akasema humuoni kwa sababu anawala, ulimi wake ndio kitana. Halafu akamkunja sikio: ukingoni kulikuwa na vidoa vyeusi vimejipanga kama shanga, haviondoki ukivipangusa. Viroboto wa kuku.

Mama mwenye nyumba ana kuku wa kienyeji, na banda lao limepakana na dirisha langu. Mkasi hushinda juu ya bati lake.

Daktari hajaniambia kwamba ni viroboto peke yake. Kasema anaweza kuwa na mzio wa viroboto na wa vitu vingine juu yake, lakini kwenye majaribio haingii paka mwenye viroboto, atawaharibia hesabu. Kwa hiyo wiki 8 za kusubiri sindano imalizike ndizo hizohizo za kuua viroboto. Kampa matone ya selamektini, ya paka, kila mwezi. Kapu lake nimelifua kwa maji ya moto. Nafagia chini ya meza kila jioni na taka natupa nje, kwa sababu wengi wao kasema hawako mwilini, ni mayai na mabuu huko sakafuni, na wakishajifunga kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja miezi.

Fomu sijasaini. Maswali ya Msaidizi nilimsomea daktari yote kwenye simu yangu. Akizidiwa wanamtoa na kumtibu, nalo limeandikwa ukurasa wa tano, nililipitia bila kuliona. Kibali alinionyesha. La nani analipa madhara hakuwa na jibu, kasema ataulizia, na mpaka jibu lije kwa maandishi fomu inakaa droo ya nyuzi. Bwana wa bodaboda nilimwomba namba ya usajili. Simu yake haipatikani tangu hapo.

Mama mwenye nyumba kakubali banda linyunyiziwe dawa, kwa sharti nimshonee dera la mjukuu wake bure. Banda lenyewe bado.

Daftari nimeanza. Juzi 9, jana 8, leo sijui, kavaa koni kalala juu ya kitenge cha mtu.

Kitana cha viroboto napata wapi? Cha plastiki kimevunjika meno mkiani.

Ukhti_Upanga

Duka la dawa, ulizia cha chawa cha watoto wa shule, cha chuma. Ni hichohicho.