Picha yangu imebandikwa mlangoni, na mlangoni hapohapo nadaiwa kiingilio

Wakuu, nimeandika huu uzi na kuufuta mara tatu tangu Ijumaa usiku. Leo sifuti.

Saa tatu usiku nashuka kwenye boda mbele ya klabu moja huku Kabalagala, Kampala, jina nalihifadhi. Begi la kamera liko kifuani. Mlangoni naona bango jipya, refu kuliko mimi. Mwimbaji wa bendi amepiga magoti, waya wa maiki umemzunguka mkononi, kichwa kakitupa nyuma. Sikuhitaji kuitazama mara mbili, nimeipiga mimi. Kona ya chini kulia, nilipoandika jina langu kwa herufi ndogo, pamekatwa. Wamekata mpaka ncha ya kiatu cha mwimbaji ili jina litoke.

Bado nashangaa, baunsa ananyoosha mkono: "Ssebo, elfu ishirini."

Nikamwonyesha bango, nikamwambia hiyo picha ni yangu. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mbona si wewe huyo?"

Nililipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke. Ndani kulikuwa na bendi tatu, na usiku wa roki ya laivu hapa Kampala haupatikani kila wiki. Sisi tunaopenda gitaa lenye kelele tunajuana kwa sura.

Sasa niwaeleze ile picha ilipatikanaje, maana wengi wanadhani hii kazi ni kubonyeza tu.

Jukwaa la pale lina kimo cha kreti mbili za bia. Watu sitini wakiingia, huna pa kugeuzia kiwiko. Taa ni nne za LED, zinaweza kutoa rangi zote, lakini aliyezifunga anaamini roki ni nyekundu, basi usiku kucha ni nyekundu. Taa nyekundu tupu ni balaa kwa kamera. Kwenye sensa (kile kibati cha ndani kinachonasa picha) za kamera nyingi, katika kila vidoa vinne vinavyopokea mwanga, viwili vinaona kijani, kimoja bluu na kimoja nyekundu. Ukimulikwa nyekundu peke yake, ni robo tu ya sensa inayofanya kazi. Robo hiyo inajaa mpaka inamwagika, na robo tatu zilizobaki zinakaa gizani. Uso wa mtu unatoka kama nyanya iliyopondwa: hauna pua, hauna jasho, hauna mkunjo. Mkiona picha zetu nyingi ni nyeusi na nyeupe, msidhani ni usanii. Tumekosa namna.

Halafu taa zenyewe ni za bei rahisi, zinapepesa. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipandisha kasi ya shata, yaani kamera ifumbue na kufumba jicho kwa 1/500 ya sekunde, ili mpiga gitaa anayeruka atoke mkali, picha inakuja na mistari ya giza kama punda milia. Ukishusha mpaka 1/100 mistari inapungua, ila mpiga gitaa anageuka moshi. Mimi nahangaika kati ya 1/160 na 1/200, na lenzi ya mtumba inayofunguka sana kuingiza mwanga, wepesi wa kamera kuona gizani (ISO) nimeupandisha mpaka 6400, na maombi. Mpiga ngoma anakaa nyuma kabisa, kwenye giza la ukuta. Nimempiga mwaka mzima na sina picha yake hata moja inayoonyesha macho yote mawili.

Ukumbi mzima una mwanga mweupe mmoja tu, friji ya soda ya kaunta, ubavuni mwa jukwaa. Dada wa kaunta akiifungua, kwa sekunde mbili hivi mwanga unaangukia upande wa kushoto, pale mwimbaji anapopenda kusimama. Ilinichukua miezi miwili kuligundua hilo. Usiku wa picha ile nilichuchumaa wimbo mzima kando ya spika, masikio nimeyaziba, kamera nimeivika kaveera, mfuko wa plastiki, kwa ajili ya bia zinazomwagika, macho yangu yako kwa watu wawili kwa wakati mmoja: mwimbaji na dada wa friji. Mtu akaagiza soda baridi. Mwimbaji akapiga magoti. Friji ikafunguka. Nikapata fremu nne, tatu za kutupa, na moja ndiyo hiyo mnayoiona mlangoni. Rangi ya ngozi ya mtu, jasho tone kwa tone, kwenye ukumbi ambao haujawahi kumwachia mtu rangi yake.

Na mnajua wameifanyaje kwenye bango? Wameipaka nyekundu! Yote! Nadhani kijana wa kompyuta kule Nasser Road, mtaa wa wachapaji, aliambiwa aifanye iwe ya kiroki zaidi. Simlaumu, yeye kaagizwa.

Nikamwandikia meneja WhatsApp palepale nimesimama kwenye foleni ya choo. Kwa adabu kabisa: mzee wangu, nimeona picha yangu, naomba tuzungumze malipo, na jina langu lirudi. Akajibu, "Lakini si unapata jina, kijana?" Jina! Jina lenyewe ndilo mlilolikata! Halafu akaongeza kwamba hata hivyo picha ina ukungu kidogo, nisijione.

Ina ukungu kwenye mkono, ndiyo. Mwaka 1979 mpiga picha Pennie Smith alimpiga picha Paul Simonon wa The Clash, bendi ya roki ya Uingereza, akilivunja gitaa lake la besi jukwaani New York. Picha ilitoka na ukungu na Pennie mwenyewe hakutaka itumike. Bendi ikaing'ang'ania, ikawa jalada la albamu, na leo ukiitaja unamtaja na Pennie. Hakuna aliyemwambia ukungu umemfutia jina.

Mimi nimekulia kambini Mbuya, baba askari. Kiswahili nilikipata huko, pamoja na tabia ya kusoma kanuni kabla ya kugombana. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa aliyezitengeneza haki ya kutajwa jina kila zinapotumika. Kuna kipengele kingine humo ambacho wapiga picha wengi hawakijui, na kinauma: ukifanya kazi kwa kuagizwa na mtu, na hamna mkataba unaosema vingine, hakimiliki inakwenda kwa aliyeagiza. Kwa hiyo wangeniita wakanipa hata elfu hamsini, leo ningekuwa na pa kulalamikia padogo sana. Hawakuniita. Niliingia kwa kiingilio changu, nikanunua soda yangu, nikarudi Mbuya na boda yangu. Ubahili wao wenyewe ndio ulioniachia picha mkononi.

Ijumaa hiyohiyo nakuta karatasi imebandikwa kando ya jukwaa: wenye kamera ni nyimbo tatu za kwanza tu, na hakuna flashi. Hiyo ni kanuni ya matamasha makubwa, yenye uzio na walinzi mbele ya jukwaa. Hapa mbele ya jukwaa kuna meza ya plastiki. Na watu ishirini wamenyanyua simu na tochi zao zinawaka mwanzo hadi mwisho, hao hawaguswi. Nyimbo tatu za kwanza fundi sauti bado anatafuta kelele inatokea wapi, na mwimbaji hajatoa hata jasho. Nilijifanya sijui kusoma.

Bendi nao wameniudhi, tena pengine zaidi. Mpiga gitaa ameiweka picha kwenye ukurasa wake, amewashukuru mashabiki, klabu, Mungu na mama yake. Bendi siidai hata shilingi. Najua hawalipwi, mpiga ngoma anabeba matoazi yake kwa boda. Lakini kuandika jina la mtu kunagharimu nini?

Klabu nimeitumia ankara ya 150,000 na siku saba. Alama zimegeuka bluu tangu jana, kimya. Kama kuna mwenzetu hapa aliyewahi kudai picha hadi ikalipwa, aniambie alianzia wapi.

Nyongeza, Jumapili jioni: mwimbaji ameniandikia sasa hivi. "Kaka, za Ijumaa ziko tayari?" Ziko tayari. Fremu 412, na kwenye moja friji ilifunguka. Bado sijamjibu.