Tupeane uzoefu: kubadili vichwa vya betri vilivyolika, ukiwa nyumbani

Wakuu, Juni huku Nyanda za Juu asubuhi stata inazunguka kwa kusuasua, na mtu anaambiwa moja kwa moja anunue betri mpya. Mara nyingi kilichokufa ni kichwa cha waya, kile kibano kinachoshika nguzo ya betri. Wanaoijua kazi hii wamwage utaalamu, na vipimo viwepo. Kila mmoja ataje alipo.

Uyole: Pimeni kwanza. Betri iliyojaa, gari ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12.2, ichajiwe kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisha ncha moja ya mita ya volti iwe juu ya nguzo ya betri yenyewe, ya pili kwenye shaba ya waya, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, umeme unaishia kwenye kiungo hicho.

Mafinga: Dukani msiseme tu "nipe vichwa". Nguzo nene zina kipenyo cha milimita 19.5 upande wa chanya na 17.9 upande wa hasi, zikipimwa chini. Gari ndogo za Kijapani kama Vitz nyingi zina nguzo nyembamba, 14.7 na 13. Kichwa kikubwa kwenye nguzo ndogo utakikaza mpaka midomo yake igusane na bado kitazunguka. Kujazia kipande cha kopo ni kujitafutia cheche.

Mwanjelwa: Zima kila kitu, vua pete na saa. Spana namba 10, anza na HASI. Sababu yake: hasi ikishatoka, hata spana ikigusa bodi ya gari wakati unafungua chanya, hakuna shoti. Kichwa kikigoma, kipanue kwa bisibisi bapa. Ukikigonga kwa nyundo unalegeza nguzo na asidi inaanza kuvuja pembeni yake.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kutu ya kijani hupanda ndani ya mpira wa waya. Kata mpaka uione shaba inang'aa. Ukifunga kichwa kipya kwenye shaba nyeusi umebadilisha sura tu, tatizo liko palepale. Menya sentimita 2, sugua kwa msasa, ingiza nyuzi zote, ubane kwa presi (koleo maalumu la kubania vichwa vya waya). Waya ukibaki mfupi usiuvute, nunua mrefu zaidi wenye unene uleule au kuzidi. Kubapaza kwa nyundo hakufai: njia ya vumbi na matuta itazilegeza nyuzi.

Kurudisha: chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka kisizunguke kwa mkono, basi. Nguzo ni ya madini ya risasi, ni laini.

Tukuyu: Niongeze usafi. Ule unga mweupe ni wa asidi, usiupulize. Kijiko cha baking soda kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, maji hayo yasiingie ndani. Sigara mbali, betri hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Grisi inapakwa juu baada ya kukaza, hasa kwetu kwenye mvua na ukungu.

Makambako: Na kabla hujafungua chochote, hakikisha una kodi (namba ya siri) ya redio, baadhi hujifunga umeme ukikatika.

Uyole: Mkimaliza, injini ikiunguruma mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa sawa na stata bado ni nzito, pimeni kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye injini wakati wa kupiga stata. Zikizidi volti 0.5, fungueni waya wa ardhi unaoshika injini na bodi, msugue sehemu zake zote mbili.